Vijiti vyekundu kwa theluji, na mkasi niliouogopa miaka minne

Wacha nianze na aibu yangu ya kwanza. Januari 2017, hata miezi mitatu haijaisha tangu tuingie hii nyumba ya Brooklyn Park, Minnesota, natoka zamu ya usiku na macho yamevimba, jua linatoka karibu saa mbili asubuhi kama mtu anayelazimishwa, na kila kitu ni nyeupe ama kijivu. Barabara nyeupe, mapaa meupe, miti imesimama kaa mifupa. Halafu kwa ua wa jirani naona kichaka cha vijiti vyekundu, ile nyekundu ya pilipili iliyoiva. Nikajiambia huyu mzee amepaka vijiti rangi, hawa watu na Krismasi yao hawachoki, Januari inaisha bado wanapamba.

Nilivipita wiki nzima. Siku moja nikashindwa, nikavuka, nikavua glavu nikakwaruza kijiti kimoja na ukucha nione kama rangi itatoka. Haikutoka. Chini ya ngozi kulikuwa kijani, kibichi kabisa, na hapo nje baridi ilikuwa ile ya kugandisha nywele za pua. Kuangalia juu, mzee ako kwa dirisha ananitazama na kikombe chake cha kahawa.

Akatoka, bahati nzuri akicheka. Akaniambia hiyo ni dogwudi, ni mmea wa hapa hapa, unajimea wenyewe kwa sehemu za majimaji, nikitaka kuiona bure niende nitembee kando ya Shingle Creek. Nikaenda, na kweli ziko, zimejaa kando ya maji kaa matete ya kwetu. Wenyeji wa asili wa hii nchi, Wadakota na Waojibwe, wanaijua tangu zamani sana, gamba la ndani wanalikwangua wanalikausha na kulichanganya kwa kiko cha sherehe. Wengi huku wanaiita mwerebi mwekundu ingawa si mwerebi. (Na kabla mtu hajaniuliza, hapana, sikuenda na panga kung'oa ya mto. Mimea ya bustani za umma haiguswi, watu wamepigwa faini kwa vitu vidogo kuliko hivyo.)

Sasa mimi ni mtu wa Kisii. Kwetu shamba ni chakula ama ni pesa. Huku summer nilikuwa nimeshapanga pahali pa sukuma, managu na chinsaga, na mama watoto aliposikia nataka kununua mti wa vijiti akauliza swali moja tu, "Inaliwa?" Hailiwi. "Inauzwa?" Haiuzwi. Nikampigia mama nyumbani nikamwambia jina lake ukilitafsiri ni kaa mti wa mbwa, akacheka mpaka simu ikaanguka, halafu na yeye akauliza inazaa nini. Inazaa vitunda vyeupe vidogo vya ndege. "Basi umelimia ndege," akasema.

Lakini yeyote ameishi huku anajua Desemba inafanya nini kwa kichwa cha mtu. Jua linazama saa kumi na nusu jioni. Ukifanya kazi usiku unaweza kumaliza wiki bila kuona mchana wa maana, unaamka giza unalala giza. Nilitaka kitu kimoja chenye rangi kati ya gari na mlango. Ni hivyo tu.

Mei nikaenda naseri nikanunua miche miwili, na hapo ndipo makosa yalipoanza kupanga laini.

Kosa la kwanza halikuwa hata la mmea. Nilichukua jembe nikaanza kuchimba mbele ya nyumba kaa niko kwa shamba la baba. Jirani akanikimbilia. Kumbe huku kabla hujachimba unapiga 811, ni bure, baada ya siku chache wanakuja kukuchorea ardhi na kusimamisha vibendera, nyekundu ya stima, njano ya gesi, buluu ya maji, rangi ya chungwa ya simu na intaneti. Pale nilipokuwa nimeanza kuchimba vibendera vya njano vilipita hatua moja hivi kutoka kwa shimo langu. Nilikaa chini kidogo.

La pili ni kivuli. Mche mmoja niliuweka upande wa kaskazini wa nyumba chini ya mti mkubwa wa mepo, kwa sababu kibandiko kilisema inavumilia kivuli. Kuvumilia inavumilia, haikufa. Lakini ile nyekundu inatengenezwa na mwanga. Jua likigonga ngozi ya kijiti kile kipindi majani yanadondoka, ndio rangi inaingia, na inazidi kukolea vile baridi inazidi hadi Februari, Machi. Summer vijiti hivyo hivyo vinarudi ukijani ukijani. Sasa wangu wa kivulini ulikaa rangi ya chai ya maziwa msimu wote, na ule mwingine wa juani, kutoka duka moja siku moja, ulikuwa unawaka. Mwaka uliofuata niliuhamisha mapema kabla majani hayajachipuka, ukanuna mwaka mmoja halafu ukakubali.

Na ule wa juani nao niliuweka chini ya dirisha la sebule. Sikusoma saizi. Dogwudi ya kawaida inaweza kufika mita mbili na nusu na ikapanuka zaidi ya hapo, matawi ya chini yakigusa udongo yanashika mizizi, unaamka una familia. Ziko za kufugwa zinazobaki fupi, kaa ile inauzwa kwa jina la Arctic Fire, inafika kiuno hivi na inatosha. Mimi nina ile ndefu na kila mwaka napigana nayo kwa dirisha.

Halafu sungura. Wueh.

Msimu wa kwanza wa baridi niliamka asubuhi moja nikakuta vijiti vyangu vimekatwa safi, mshazari, kaa mtu alipita na kisu kikali. Nikamshuku mtoto wa jirani, Mungu anisamehe. Ni sungura wa huku, wale wadogo wa kijivu wenye mkia wa pamba, theluji ikifunika nyasi wanageukia magamba na vijiti. Kulungu nao wanapenda, lakini kwetu hapa kazi kubwa ni ya sungura. Nikanunua waya ya kuku nikazungushia, kaa futi mbili kwenda juu, nikajipongeza.

Ilifanya kazi miaka mitano. Halafu ikaja ile winta ya 2022 kuingia 2023, yenye theluji iliyodondoka hapa Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, ukiijumlisha yote ilipita inchi 90, zaidi ya mita mbili. Haikai yote kwa mpigo, inashikana na kushuka, lakini pale kwa waya upepo ulirundika mpaka waya ukazama. Sungura wakatembea juu ya theluji kaa wageni waalikwa, wakasimama pale juu, wakala vijiti kuanzia urefu ambao kwa hali ya kawaida hawaoti kufika. Sai waya yangu ni ya futi nne, na kukiwa na theluji nyingi naenda na koleo kuitoa kando ya ua, majirani wanadhani nimechanganyikiwa, nasafisha theluji kwa nyasi.

Baridi yenyewe haijawahi kuniulia hata kichaka kimoja. Hapo ndipo niliushangaa huu mmea. Mwisho wa Januari 2019 hapa ilifika -28 za Farenhaiti, hiyo ni -33 za Selsiasi, posta ikasimamisha kupeleka barua siku hiyo, na mimi nikaambiwa kazini niende tu maana wazee tunaowahudumia hawawezi kujilisha. Nikipita kwa mlango nikaziangalia nikasema hizi kwaheri. Mei zikachipuka kaa hakuna kitu kilitokea. Baadaye nikasoma kumbe University of Minnesota hapa hapa watafiti walitumia dogwudi miaka ya sitini kuchunguza jinsi mti unavyojikaza kwa baridi, na kijiti kikishajikaza vizuri kilitumbukizwa kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi -196, na kikatoka hai. Kujikaza kwenyewe kunaenda kwa awamu mbili. Ya kwanza ni mmea kuona siku zinafupika, unaacha kurefuka. Ya pili ni baridi ya kwanza ya kugandisha. Kwa hivyo inajua mapema, kabla mimi sijatoa koti kabatini. Hii ilinikaa akilini sana kwa sababu mimi nimetoka mahali mchana na usiku vinalingana mwaka mzima, chai ya kwetu haina haja ya kuhesabu siku, ni mvua tu inaangalia.

Na hapo pia nikaelewa kosa lingine. Agosti 2018 nlikuwa nimezipa mbolea, ya kutosha, kwa roho safi, nikitaka zijae kabla ya baridi. Zikarefuka Septemba yote zikiwa laini, na ncha zote laini zikakauka nyeusi. Niliuambia mti uendelee kukesha wakati siku zilikuwa zinauambia ulale. Sai mbolea ni mboji kidogo Aprili ama Mei, na baada ya Julai siigusi. Ile nyasi nimetandaza chini inatosha, inashika unyevu pia, sababu hizi zinapenda maji, ukizipanda kwa kilima kikavu utazinywesha mpaka ulie na bili.

Sasa kwa mkasi.

Mwaka wa kwanza na wa pili vijiti vilikuwa vyekundu kabisa, watu walikuwa wanasimamisha gari. Mwaka wa tatu nikaona kama macho yangu yanazoea. Mwaka wa nne, haki, kichaka kilikuwa kikubwa, kinene, na kimekuwa kijivu. Kuanzia chini hadi kifuani ni magamba ya kahawia kavu, nyekundu imebaki huko juu kwa ncha kaa kucha zilizopakwa rangi. Nikadhani ni ugonjwa. Nikanunua dawa, sitaki hata kuongea juu ya hiyo pesa.

Hakukuwa na ugonjwa. Rangi iko kwa kijiti kichanga, cha mwaka mmoja, miwili. Kikifika mitatu ngozi inakuwa gamba na hairudi tena nyekundu hata ukifanya nini. Kwa hivyo ukitaka nyekundu lazima utoe vile vizee ili vipya vitoke chini. Mzee wa jirani aliniambia hivi tangu mwanzo. Nilimwitikia ndio, ndio, na sikukata, sababu unaangalia kitu umekilinda na sungura miaka minne, mkono unakataa.

Aliyenikatia maneno ni mama. Nilimwonyesha kwa video, nikizunguka na simu, akaangalia akanyamaza, halafu akasema, "We kijana wangu, hii si ni chai haijakatwa?"

Wenye wametoka upande wa chai wataelewa. Chai kwetu unaichuna wiki baada ya wiki, unabeba unapeleka baing, kile kituo cha kununulia chai, lakini kila baada ya miaka mitatu, minne, inaletwa chini na panga karibu na magoti, shamba linabaki vijiti vitupu mpaka unaona aibu wageni wakipita. Miezi kadhaa hakuna cha kuchuna na karo ya shule inasubiri. Nikiwa mtoto niliona mama akikata laini moja moja, uso umefungwa, na nikimuuliza anakasirikia chai alinijibu kwamba isipokatwa itakuwa mti, na mti wa chai huwezi kuuchuna ukiwa umesimama chini. Mimi nimekua nikiona hivyo kila mara, nimebeba matawi yake kupeleka jikoni kuwa kuni, halafu nafika Minnesota naogopa kukata kichaka kimoja.

Basi nikachukua mkasi nikakata yote. Yote, hadi shibiri moja na nusu kutoka kwa ardhi. Shida ni kwamba hiyo ilikuwa Oktoba.

Unacheka? Mama watoto alicheka pia. Nimekata kitu ambacho kazi yake ni kuonekana Novemba hadi Machi, nimekikata Oktoba. Winta nzima ya 2021 kuingia 2022 nlikuwa na visiki viwili chini ya theluji na waya wa kuku unaolinda hewa. Unakata mwisho wa winta, Machi ikiisha ama Aprili mwanzo huku kwetu, kabla majani kufunguka, hapo umeshaitazama miezi yote na mizizi bado imejaa nguvu. Binamu yangu ako Uingereza, yeye anakata Machi pia na anaikata yote chini kila mwaka ama kila miaka miwili, huko hakugandi sana na inarudi upesi. Ana ile ya rangi ya moto inaitwa Midwinter Fire, hiyo anaipunguza tu, akiikata sana inanyong'onyea.

Hata hivyo Mei 2022 visiki vyangu vilitoa machipukizi ishirini na kitu kila kimoja, yamenyooka kaa mishale, na kufika Novemba, jamani. Nilikuwa natoka kazini naendesha polepole makusudi. Hiyo ndiyo winta ya ile theluji ya inchi 90, vijiti vyekundu juu ya nyeupe safi, mpaka Februari sungura wakapanda ngazi yao.

Sai sikati yote tena. Kila mwaka natoa theluthi, vile vinene vya kijivu, nakata chini kabisa si katikati, ukikata katikati inatoa ufagio juu na chini inabaki miguu mitupu. Baada ya miaka mitatu kichaka chote kimebadilika na hakuna mwaka nimebaki bila kitu. Mche mchanga hauguswi miaka miwili ya kwanza, wacha ushike mizizi.

Vilivyokatwa sivitupi. Ndani ya Desemba natoa vichache nachomeka kwa chungu mlangoni pamoja na matawi ya msonobari, huku dukani kifungu kidogo wanauza bei ambayo nikimwambia mama atauza chai aanze hii. Na vile vya Machi napanda. Hapa sikuhitaji kufundishwa na mtu, ni kaa muhogo, ni kaa napia: kijiti cha unene wa penseli, urefu wa shibiri, vifundo viwili ama vitatu ndani ya udongo na kimoja juu, unyevu usikatike. Cha kuangalia ni kichwa na miguu. Mara ya kwanza binti yangu alinisaidia akapanda safu nzima juu chini, sikujua mpaka Juni. Sai namwambia akate chini mshazari na juu bapa, hatukosei. Kati ya kumi huwa tunapata sita, saba. Nimeshawapa watu watano wa kanisani, na mmoja amepanda laini ndefu ikawa uzio kabisa, amezuia mbwa wa jirani na dogwudi, jina limefanya kazi yake.

Kitu kimoja sikukitarajia kabisa kilikuwa ile winta ya 2023 kuingia 2024. Haikuwa winta. Krismasi ilikuja nyasi ya kahawia, watu wanatembea na sweta. Vijiti vyangu vilikuwa vizuri, vya mwaka mmoja, vyekundu sawasawa, lakini mbele ya nyasi kavu na ukuta wa matofali mekundu vilipotea, ukipita hungeviona. Hapo ndipo nilijua nilikuwa nasifia vijiti na nusu ya kazi ilikuwa ya theluji. Mwaka uliofuata nikapanda misonobari mitatu mifupi nyuma yao, kijani kibichi mwaka mzima, ili theluji ikikosa kuna kitu cha kuzishikilia. Na kando nimeongeza moja ya vijiti vya njano, Flaviramea, mama watoto ndiye aliichagua. Yule yule wa "inaliwa?"

Juzi nilikuwa nje nakata, Jumamosi saa nne asubuhi, kwao saa kumi na mbili jioni, mama akapiga. Nikaegemeza simu kwa waya wa sungura aone. Akaniambia nimletee kijiti kimoja nikija Desemba, nikamwambia mama, mmea hauingii Kenya hivi hivi, KEPHIS, wale wakaguzi wa mimea, watataka kibali, na hata ukifika huko Kisii hakuna baridi ya kuupaka rangi, utakaa kijani bure. Akasema basi. Akakaa kimya kidogo anaangalia nikikata, nikadhani netiweki imekwama.

"Huko nyuma," akasema, "kushoto. Umeacha kimoja cha kijivu."

Nikageuka kuangalia. Kilikuwepo.